Mjadala: Mswahili na Mhindi, urafiki wa kweli upo?

Mtoto wa Upanga: Naomba tujadili kwa heshima. Nina rafiki Mhindi niliyekua naye. Mama yangu alikuwa akifua kwao. Tumekula mihogo ya pilipili kwenye gazeti moja. Jumamosi aliozesha binti yake, kadi akaniletea mwenyewe. Kufika ukumbini naelekezwa meza ya madereva, karibu na jiko. Alizunguka kusalimia wageni, kwetu hakufika. Bado ni rafiki yangu?

Fundi Simu: Pole kaka. Hao ndivyo walivyo. Hela wachume kwetu, karamu wale wenyewe.

Mjukuu wa Tabora: "Hao" ni kina nani? Babu yangu alikopesha mtaa mzima kwa daftari, na mwaka 1971 nyumba yake ikataifishwa. Mimi nimezaliwa hapa kama wewe.

Fundi Simu: Usijitie unyonge. Zilizochukuliwa ni nyumba za kupangisha, za kuanzia shilingi 100,000. Wa kwetu walikuwa wanapanga chumba kimoja Kariakoo!

Mjukuu wa Tabora: Kwa hiyo alistahili? Sema wazi.

Bi Mkubwa Gerezani: Wanangu, kijana kauliza habari ya rafiki yake, ninyi mko kwenye nyumba. Wakati ule Waziri wa Fedha si alikuwa Amir Jamal? Mhindi, na Mwalimu Nyerere alimwamini miaka na miaka. Udugu ni kufaana.

Fundi Simu: Kufaana? Shikamoo bibi, lakini mama wa watu amefua mpaka vidole vimechubuka. Nani alimfaa nani?

Mtoto wa Upanga: Mama yangu usimtaje hivyo. Kazi yake ndiyo iliyonisomesha, na ada ya kidato cha kwanza alilipa baba yake huyo rafiki.

Mzee wa Kura Tatu: Ubishi huu ni wa zamani. Tabora, Januari 1958, TANU ilikubali kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka akaanzisha chama chake. Msimwite mbaguzi kwa haraka. Aliona kura zinagawanywa sawa kwa watu wasiolingana idadi.

Mjukuu wa Tabora: Mzee, sasa unamtetea Mtemvu?

Mzee wa Kura Tatu: Nakueleza alichokiona. Kuelewa si kutetea.

Bi Mkubwa Gerezani: Mtoto wa Upanga, ulimwuliza rafiki yako?

Mtoto wa Upanga: Tuliongea jana, bibi. Alipiga simu, akauliza mbona niliondoka kabla ya biriani. Anasema meza alipanga shemeji yake. Sikupata la kumjibu.

Fundi Simu: Shemeji! Haya. Mjukuu, ile nyumba ya babu yako ilirudi?

Mjukuu wa Tabora: Haikurudi. Zinakaa familia nne. Nikienda Tabora wananiita ndani, wananipa chai, nakaa barazani alipokuwa anakaa babu.