Fundi, nataka CDI yangu ya zamani, lile boksi la umeme wa plagi! Shilingi 1,150,000 zimeteketea kwa sababu ya kipande cha mpira

Ndugu zangu wa maziwani, Albert, Victoria, Kyoga, popote mlipo, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mashine ya boti yangu, farasi 40, ile ya zamani ya kuchanganya petroli na oili, imenitafuna shilingi 1,150,000 za Uganda ndani ya wiki tano. Kilichokuwa kimeharibika kiligharimu 35,000 tu. Hizo 1,150,000 zote zimeliwa na fundi ambaye hakupima kitu hata kimoja.

Mimi nipo Ntoroko, upande wa Uganda wa Ziwa Albert. Boti inavusha abiria na mizigo kwenda Kasenyi upande wa Kongo, siku nyingine inakodiwa na wavuvi wa muziri, wale samaki wadogo kama dagaa. Ugonjwa ulianza hivi: asubuhi inawaka kwa mvuto wa pili wa kamba, inatoka mwaloni vizuri, mwendo wa polepole haina neno. Ukiifungulia mafuta yote inapanda, boti inanyanyua pua, dakika tatu au nne hivi, halafu inalegea kama mtu aliyekatwa pumzi. Punguza mafuta, subiri kidogo, inarudi. Fungua tena, dakika tatu, inalegea. Kuzima haizimi.

Maelezo hayo nilimpa fundi neno kwa neno. Mwenye kuijua kazi angeshaiona njia hapo hapo, kwa sababu mashine inayochoka ikifunguliwa na kupona ikipumzishwa mara nyingi inakuambia kwamba mafuta hayaifikii ya kutosha. Bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, linajaa ukienda polepole, ukikimbia linakauka. Yeye alisikiliza nusu, akapiga kifuniko kwa kiganja, akasema, "Mzee, kabureta imekufa." Hakuwa ameigusa hata parafujo moja!

Kabureta mpya, 380,000. Tukaenda majini, dakika tatu, ikalegea. Akasema sasa ni koili inayopeleka moto kwenye plagi, 120,000. Ikalegea. Akasema basi ni boksi la CDI, maana mashine za zamani zikipata joto moto wa plagi unapotea. Hilo lenyewe ni kweli, linatokea. Lakini linapimwa! Silinda moja ikikosa moto mashine inamisi, inatetemeka, sauti inabadilika, na plagi ya upande huo ukiichomoa unaikuta imelowa petroli. Yangu haikumisi hata siku moja. Ilikuwa inalegea taratibu, laini, silinda zote mbili pamoja. Nikamwambia. Akanijibu, "Wewe ni mwenye boti, mimi ndiye fundi." Nikalipa 450,000, na 200,000 ya mikono yake juu.

Baada ya yote hayo akaniambia pistoni zimekwisha, tufungue injini nzima. Hapo ndipo nilipokataa. Nikaazima geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, kwa jamaa mmoja wa Fort Portal, tukatoa plagi zote mbili, tukafungua mafuta mpaka mwisho, tukavuta kamba. Silinda ya juu 118, ya chini 115. Silinda mbili zenye kipimo kizuri na zinazokaribiana hivyo si za pistoni iliyokwisha. Tofauti ikizidi asilimia 15 hivi ndipo unaanza kuogopa. Kipimo kile kilichukua dakika kumi. Kwa nini hakikufanyika siku ya kwanza, kabla sijauza mbuzi?

Aliyeniokoa ni nahodha mmoja mzee wa Kasenyi, Mkongomani, tuliyekutana naye mwaloni. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja: "Ikilegea, ulishakamua ile pira ya mafuta?" Sikuwahi. Tukatoka naye. Mashine ilipoanza kulegea, kijana wangu akalibinya lile pira la kukamua kwa mkono lililo kwenye bomba la mafuta la kutoka tangini, mara moja, mbili, tatu, na mashine ikanguruma juu kama mpya. Akaacha, ikalegea. Akabinya, ikapanda. Nilitamani kulia.

Maana yake ni kwamba mkono wa kijana ulikuwa unafanya kazi ya pampu. Pampu ya mafuta ya mashine hizi ni kitu kidogo ubavuni mwa injini, ndani yake kuna kiwambo chembamba cha mpira kinachosukumwa na pumzi ya injini yenyewe. Tulipoifungua, kiwambo kilikuwa kimekakamaa na kina ufa mrefu kama kucha. Tukaweka kipya. Tangu siku hiyo inakimbia Kasenyi na kurudi bila kulegea.

Na mzee yule hakuishia hapo. Kabla ya kugusa pampu alifungua kwanza tundu la hewa la tangi, kwa sababu likifungwa mafuta hayatoki na dalili zinafanana. Akaangalia pira lenyewe: likinyonywa likawa bapa, kuna kuziba upande wa tangi; likikataa kuwa gumu unapolibinya, kuna hewa inaingia mahali. Akamwaga kichujio kwenye kikombe kuona kama kuna maji. Akaangalia kama yale maji ya kupoza yanaruka nje kwa nguvu, maana huku magugu maji yanaziba. Hata propela aliikagua, kwa kuwa kitovu chake kikiachia, injini inalia juu na boti haiendi. Hayo yote hayakunigharimu hata mia!

Kuna atakayesema mimi nimekasirikia pesa tu. Boti inayopoteza nguvu katikati ya Albert haiwezi kushikilia pua kwenye wimbi. Inageuka ubavu, na maji yanaingia. Ziwa hili Machi 2014 lilizamisha boti ya wakimbizi wa Kongo waliokuwa wanarudi kwao kutoka makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, Uganda, wakafa zaidi ya watu 100. Ile ilijazwa kupita kiasi, si mashine, lakini kila anayeishi huku anajua maji haya yanavyobadilika. Wiki tano nzima fundi huyu alikuwa ananirudisha majini na abiria, akinihakikishia kwamba mashine imepona. Wanawake wenye watoto mgongoni! Tena mashine ya kuchanganya ikinyimwa petroli inanyimwa na oili, kwa kuwa oili inakuja ndani ya petroli. Wiki mbili zaidi na pistoni zingeungua kweli, na yeye angesema, "Si nilikuambia?"

Linaloniuma kuliko yote ni vifaa vya zamani. Kabureta yangu, koili yangu, CDI yangu, vyote vilikuwa vizima na ni vya asili, vilivyokuja na mashine. Alivichukua "avitupe". Wiki iliyopita nimeambiwa boti moja ya jirani imefungwa CDI ya asili, kuukuu, kwa bei nzuri, na fundi ni huyo huyo. Ile yangu ina alama ya rangi nyekundu niliyoipaka mwenyewe.

Kesho asubuhi nakwenda kuiangalia, na nakwenda na mwenyekiti wa mwalo. Kama kuna mwingine aliyebadilishiwa kifaa bila kupimiwa na hakurudishiwa cha zamani, aseme hapa leo, nimwongeze kwenye orodha kabla sijaondoka.