Nimekulia kijijini, lakini fomu ya udaktari Australia inanihesabu mtoto wa mjini!

Wakuu, nina hasira na leo naitoa yote.

Jana chuo kimoja, sikitaji, kimenijibu kwamba ombi langu la kusomea udaktari kupitia kundi la waombaji wa vijijini halikubaliki. Nimerudishwa kundi la kawaida. Yaani kwao mimi ni mtu wa mjini.

Mimi! Nimezaliwa kijijini Kongo, nikakaa huko mpaka vita ikatutoa, kisha kambi ya wakimbizi Tanzania. Nikiwa na miaka tisa nilishika tochi mama akijifungua kando ya njia, usiku, kwa sababu zahanati ilikuwa bado mwendo wa saa tatu kwa miguu. Betri zilikuwa zimekwisha. Nikawa nazitoa, nazing'ata, nazirudisha, mwanga unakuja kidogo na kufifia tena. Hamu ya udaktari ilianza usiku ule.

Kwa wasiojua utaratibu: Australia ina uhaba mkubwa wa madaktari nje ya miji mikubwa, na imeonekana kwamba aliyekulia huko ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Kwa hiyo vyuo vinatenga nafasi au kuongeza alama kwa waombaji wa vijijini. Ili uhesabiwe, lazima uwe umeishi eneo la daraja la MM2 hadi MM7 kwa miaka 10 kwa jumla, au 5 mfululizo. Madaraja hayo yanatoka kwenye mfumo wa Modified Monash: 1 ni miji mikubwa kama Sydney na Melbourne, 7 ni kule mbali kabisa. Lengo ni zuri, silipingi hata kidogo.

Ila mfumo huo unapima ardhi ya Australia peke yake. Kijiji cha ng'ambo hakina daraja, kwa hiyo ni kama hakijawahi kuwepo. Fomu inataka anwani na postikodi ya tarakimu nne. Nimekaa mbele ya kile kisanduku nusu saa. Niandike nini? Kwetu hata njia haikuwa na jina.

Sasa sikieni hili. Hobart, makao makuu ya jimbo la Tasmania, ni MM2. Darwin ni MM2. Cairns, yenye uwanja wa ndege wa kimataifa, ni MM2. Aliyekulia katika miji hiyo anahesabiwa wa kijijini, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kanuni inayosema yeye anajua maisha ya mbali na hospitali, halafu mimi siyajui.

Na mimi nimeikosa kanuni hiyo hata kwa miaka ya hapa hapa. Tulipofika nikiwa na miaka 14 serikali ilitupeleka Toowoomba, nayo ni MM2. Tumekaa miaka minne na miezi minane. Baba akapata kazi Brisbane, jiji kubwa la MM1, tukahama. Imepungua miezi minne tu kutimiza mitano! Nani alituambia? Hakuna. Familia iliyotoka kambini inatafuta mkate, haijui kwamba tarehe ya kupakia vitanda kwenye lori inaamua mtoto ataomba udaktari kwa mlango upi.

Halafu nchi hii hii, daktari aliyesomea ng'ambo akija, anabanwa na kanuni ya miaka 10: akitaka wagonjwa wake walipiwe na Medicare, yaani bima ya afya ya serikali, afanye kazi kwenye maeneo yenye uhaba. Maana yake wageni tunafaa kupelekwa vijijini tukishakuwa madaktari. Ila kijana mgeni anayetaka kwenda huko kwa hiari yake, aliyezaliwa kijijini, anaambiwa historia yake haihesabiki. Nieleweshwe hapo.

Sidai nafasi ya bure. Mtihani wa kuingia udaktari, GAMSAT, nimefanya kama wengine, kwa lugha yangu ya nne, na usaili niko tayari. Ninachodai ni kisanduku kimoja kwenye fomu cha mtu aliyekulia kijijini nje ya Australia, kwa ushahidi: karatasi za UNHCR, barua ya shule, kiapo. Na miaka ya hapa ihesabiwe pamoja na ile ya kule.

Wazazi mliopo Toowoomba, Wagga Wagga, Mildura na kwingineko: kama mtoto anazungumzia udaktari, hesabuni miaka kabla ya kuhama. Tunzeni mikataba ya nyumba na ripoti za shule zenye anwani, zote, msitupe hata moja.

Nina siku chache za kukata rufaa. Kama kuna aliyewahi kupinga uamuzi wa namna hii, akafaulu au akagonga mwamba, naomba aniambie aliandika nini na aliambatisha nini.