MJADALA: Meza za jioni Moshi mjini, ziruhusiwe au ziondoke?

Mkazi wa Kiusa: Wapo wanaotaka sheria ndogo iruhusu meza za wamachinga kuanzia saa kumi na moja jioni, kuzunguka Soko la Kati na Mbuyuni. Wengine hawataki hata meza moja. Mimi naunga mkono ziruhusiwe, ila uchorwe mstari wa rangi na mita moja na nusu ibaki ya wapita njia. Karibuni, matusi tuyaache.

Binti Njoro: Mita moja na nusu haitoshi. Kiti cha magurudumu kimoja kinapita kwenye sentimita 90, viwili vikipishana vinataka mita 1.8. Tena mnapima toka mguu wa meza, wakati mteja anasimama mbele ya meza na kuinama kuchagua. Hapo mmeshakula zaidi ya nusu mita. Wanaotetea meza hawatembei kwa miguu.

Wa Pasua: Hatutembei kwa miguu? Dada, wauza nyanya wa Mbuyuni wanapanda gari gani? Futa hiyo kauli ndipo tuongee mita.

Binti Njoro: Sikuwataja wauza nyanya. Jibu hoja ya mteja anayeinama.

Wa Pasua: Umesema "wanaotetea meza". Mimi natetea meza.

Mzee wa Majengo: Wanangu, mnagombea upana na chini yenu kuna mtaro. Mfuniko wa zege wa sentimita 60 kwa 50, unene 10, una kilo zaidi ya 70. Unataka watu wawili na kulabu za nondo, na nafasi ya kuulaza pembeni. Meza ikikaa juu yake, wa usafi wanauruka. Mchanga na mifuko vinajaa, masika ya Aprili maji yanarudi barabarani na kuingia madukani. Meza zisikanyage mifuniko, basi.

Mangi wa Duka: Shikamoo mzee. Mifuko ipi tena? Ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.

Wa Pasua: Marahaba ya mzee isubiri, nikujibu mimi. Vile vifuko vyepesi vya kufungia nyanya vinauzwa kwa bando madukani. Mmachinga havitengenezi.

Mangi wa Duka: Usinisingizie. Duka langu ni la vipuri.

Mkazi wa Kiusa: Jamani, mita!

Karani Mstaafu: Mita hazipangwi hapa. Rasimu inapita kamati, halafu baraza la madiwani. Wananchi wanatangaziwa watoe maoni, kisha inakwenda kwa waziri wa TAMISEMI na kuchapwa kwenye Gazeti la Serikali. Nafasi yenu ni hapo kwenye tangazo. Andikeni kwa maandishi, mtaje kifungu, mpendekeze maneno mbadala. Barua ya "tunapinga" tupu haina pa kuingizwa. Anayeandika "umbali upimwe kuanzia nusu mita mbele ya meza" amemrahisishia mwanasheria kazi.

Binti Njoro: Hicho ndicho nilichosema mwanzo.

Wa Pasua: Ulisema na mengine. Nusu mita naikubali. Kauli ya miguu bado haijafutwa.

Binti Njoro: Naifuta. Na mifuniko je, unakubali meza zisiikanyage?

Wa Pasua: Upande wa mtaro ndio wenye kivuli, dada. Tukitoka hapo tunahamia wapi?