Pistole ya nkambo mu kantini: tuiuzishe ao tufanye nini?

Mwana Katuba
Jambo wakubwa, naomba shauri. Nkambo yetu alitutoka, alikuwaka soda (askari) ya Force Publique, jeshi ya Wabelgiji mu Kongo, mbele ya 1960. Jana tunafungua kantini (sanduku) yake, ile yenye funguo alikuwa anavaaka mu shingo, chini ya makoti tunapata pistole imefungwa mu kitambaa ya mafuta pamoja na mfuko wake ya ngozi. Pembeni imeandikwa Fabrique Nationale d'Armes de Guerre Herstal Belgique, na juu kuko kakipimo kenye namba mpaka 500. Mdogo wangu anataka aisugue na msasa ing'ae, banamwambia Wazungu banalipa mingi. Ni kweli? Karatasi hatuna hata moja.

Fundi Mzee
Aweke huo msasa chini!! Hiyo ni GP 35. John Browning, Mmarekani mwenye kubuni silaha, njo aliianza, akafa 1926 kulekule Herstal, Dieudonné Saive wa FN (hiyo Fabrique Nationale) akaimalizia, ikatoka 1935 na risasi 13 mu magazini wakati pistole mingi za siku ile zilibeba 7 ao 8, njo maana ya GP, Grande Puissance (nguvu kubwa). Vita ya pili ya dunia ikakuja, Wajerumani wakakamata kiwanda wakajitengenezea, na kule Toronto, Kanada, kampuni Inglis nayo ikaitengeneza kwa Washirika. Kufika 2018 FN ilikuwa imeshaacha kuitengeneza. Ile FN ilitoa 2022 jina moja tu, ndani ni kitu ingine. Wenye kukusanya wanaangalia rangi ya kiwandani, namba za mwili na mtutu kama zinafanana, alama za jeshi, hako kakipimo ka kulengea, na mfereji nyuma ya mpini wa kuchomeka kitako ya mbao. Ukisugua umefuta bei.

Mama Ruashi
Bei gani baba? Bila otorizasyo (ruhusa ya serikali) hiyo si mali, ni kesi. Sheria ya silaha iko tangu 1985.

Fundi Mzee
Mama iko na haki, bei ni ya kule Liège na Marekani, yenye karatasi. Musiiguse tena, risasi inaweza kubakia mu mtutu hata magazini ikitoka. Na musiitembeze mu taxi, shefu wa kartye (mtaa) aite polisi waje.

Petit Kenya
Halafu kesho iko mu kiuno ya mwizi 😂

Mama Ruashi
Njo maana namba iandikwe mu prosevebali (karatasi ya polisi), mubaki na kopi.

Mwana Katuba
Aksanti. Mdogo amenuna, hakukula hata bukari, lakini shefu anakuja kesho asubui. Mfuko wa ngozi tutaomba watuachie, ndani ya kifuniko nkambo aliandika matrikule (namba ya jeshi) yake na biki, ingali inasomeka.