Mrejesho: lile vumbi la baharini lilikuwa jua tu

Assalaam alaykum. Niliuliza kwa nini hesabu zangu za setilaiti zinaonesha erosoli nzito (chembe kama vumbi zinazoelea hewani) baina ya Unguja na Bagamoyo, na siku ile anga safi kabisa.

Aliyenambia "kaangalie upepo" kapatia. Nilikuwa nimeweka upepo wa mita 6 kwa sekunde mwaka mzima, kama kwamba bahari yetu haijui kusi wala maleleji! Fomula ya Cox na Munk ya 1954, inayokisia jinsi bahari inavyorudisha mwanga wa jua, inataka upepo wa siku yenyewe: bahari ikilala, mng'ao wa jua huwa mwembamba na mkali, ikichafuka, hutanda na kufifia. Siku ile ilikuwa shwari, maji kama mafuta sahanini, nami mng'ao wote nikauhesabu vumbi. Nimetia upepo halisi, nikafuta pikseli (vijidoa vya picha) zote zilizo ndani ya nyuzi 40 za mwelekeo wa mng'ao. Vumbi likayeyuka.

Limebaki tatizo la ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Maji yakitoka, mchanga mweupe unang'aa kutoka chini, hapo upepo hausaidii kitu. Infraredi ya karibu (mwanga usioonekana, jirani na mwekundu) humezwa upesi na maji, hivyo huficha mchanga wa chini, lakini si kwenye maji ya vifundoni. Pikseli za huko nazitupa tu. Kusi ikianza nitahangaika na mapovu meupe ya mawimbi.