Mkataba wa wakili, masharti ya akdi au majina mawili kwenye hati: ipi inamlinda mke Zanzibar?

BintiWete
Assalaam alaykum. Tunaoana Mfunguo Tatu inshaallah. Mie nna duka la vitambaa Wete na kiwanja nilichonunua kabla sijaposwa. Mchumba yuko Unguja, anataka tujenge Fuoni, kila mmoja atoe chake. Hatuna ugomvi, tunataka mambo yawe wazi tu. Tuandikiane mkataba kwa wakili, tuweke masharti siku ya akdi (kufungishwa ndoa), au hati ya nyumba iandikwe majina yetu sote?

MkaaMchangani
Wa alaykum salaam dada. Kwanza weka kando ya Bara. Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huku. Watu husoma kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, Mahakama ya Rufani iliposema kazi za nyumbani ni mchango wa mke, wakadhani na kwetu ni vivyo hivyo. Huku utasimama mbele ya kadhi, na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kugawa mali za wanandoa pale penye mchango halisi. Utaulizwa: ulitoa nini, na ushahidi uko wapi?
Duka na kiwanja ni vyako hata bila ya mkataba. Ndoa ya Kiislamu haichanganyi mali. Kazi ipo kwenye hiyo nyumba ya Fuoni.

UstadhiChake
Kuhusu masharti, wengi wetu ni Mashafii. Sharti linaloendana na ndoa yenyewe, kama nafaka (matunzo ya mke) na makaazi, linashika. Sharti la kuwa asioe mke mwengine, kwa madhehebu yetu, linaanguka na ndoa inabaki. Mahanbali ndio wanaolikubali, na mume akilivunja mke ana haki ya kuvunja ndoa. Kwa hiyo usilitegemee sana.
Lakini mbona hukutaja mahari? Si lazima yote yatolewe siku ya ndoa. Sehemu inaweza kubaki deni, ikaandikwa na kushuhudiwa. Mume akifariki, deni hilo linalipwa kabla mirathi haijagawiwa.

MamaKojani
Mwanangu, majina mawili. Dada yangu aliuza dhahabu zake zikanunua mabati na saruji, nyumba ikaandikwa jina la mume. Ilipokuja talaka hakuwa na risiti hata moja. Aliondoka na mabegi ya nguo.
Hao watakaokwambia kuandikiana ni kuombeana talaka, waulize dada yangu angeomba nini.

BintiWete
Pole sana kwa dada, mama. Na ikiwa si talaka, ni kifo?

UstadhiChake
Hapo ndipo majina mawili yanapozidi yote. Mke anarithi robo mume akiwa hana mtoto, na thumuni (moja ya nane) akiwa naye. Nyumba ikiwa kwa jina lake peke yake, yote itahesabiwa kuwa urithi, nawe uliyetoa nusu ya fedha uambulie thumuni. Ikiwa ya wawili, nusu yako haiguswi, na kwenye nusu yake unarithi vilevile. Mkataba hauwezi kubadili mafungu ya mirathi, wala wasia kwa mrithi hausimami mpaka warithi wengine waridhie.

MkaaMchangani
Basi mpangilio wangu: majina mawili kwanza, mahari yaliyoandikwa pili, mkataba wa wakili tatu. Mkataba nao una faida mkichangia visivyo sawa: andikeni nani katoa kiasi gani, mashahidi wa pande zote watie saini. Fedha zipite benki au kwenye simu zibakishe alama, si mkono kwa mkono kwa fundi.
Na kabla ya yote, kiwanja chenyewe cha Fuoni. Kwa sheria ya 1992 ardhi ya Zanzibar ni ya umma, mtu anamiliki haki ya matumizi. Mkinunua kwa karatasi ya mauziano tu, majina mawili juu yake hayatoshi. Ulizieni Kamisheni ya Ardhi kwanza.

BintiWete
Nimeelewa, ahsanteni. Kianzio hakijalipwa bado. Nitamwambia kaka azungumze na upande wa pili wiki hii, karatasi ya kiwanja ionekane kwanza.