Tabitha na Dorkasi: ni majina mawili au jina moja?

BabaMtarajiwa:
Habari zenu, ndugu. Mke wangu anatarajia mapacha wa kike, nasi tulikubaliana kuwaita Tabitha na Dorkasi. Mama mkwe amekataa katakata, akisema kwamba tutakuwa tumewapa watoto wawili jina moja. Isitoshe, kaka yao amesoma katika Biblia kwamba Dorkasi ni "paa", na sasa anauliza kwa nini mdogo wake aitwe jina la mabati. Naomba mnielimishe.

MwalimuMstaafu:
Ndugu yangu, mama mkwe amesema kweli. Katika Matendo 9:36, mwanamke yule wa Yafa aliyewashonea wajane kanzu na nguo anatajwa kwa jina la Kiaramu, Tabitha, kisha mwandishi analitafsiri kwa Kigiriki, Dorkasi, ili wasomaji wake waelewe. Yote mawili maana yake ni paa, mnyama wa jamii ya swala. Huyo kijana mkumbushe ngeli tu: paa huyu hukimbia, paa hili huvuja. Neno hilohilo la Dorkasi limetumika katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Wimbo Ulio Bora 2:9, pale mpendwa anapofananishwa na paa.

MpendaLugha:
Niongeze jambo moja, kwa kuwa wengi hueleza kwamba Dorkasi ni "mwenye macho maangavu". Wagiriki wenyewe walilihusisha neno hilo na kitenzi chao *derkomai*, yaani kuona, nadhani kwa sababu ya macho makubwa ya mnyama huyo. Hata hivyo, Herodoto, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, alipoorodhesha wanyama wa Libya, aliandika *zorkas*, na wataalamu wengi huona kwamba umbo lenye *d* lilitokea baadaye, watu walipolivuta neno lifanane na kitenzi hicho. Maelezo ya macho ni mazuri, ila maana ya jina ni paa.

MamaDorkasi:
Mimi ndilo jina langu, na cheti changu kimeandikwa "Dorcus", kwa sababu karani aliandika alivyosikia na baba hakukagua. Kagueni kila herufi kabla hamjaondoka dirishani. Kwa pacha wa pili, kwa nini msichague Roda? Nalo ni la Kigiriki, maana yake waridi, na ndiye binti wa Matendo 12 aliyefurahi mno kuisikia sauti ya Petro hata akasahau kumfungulia mlango.

BabaMtarajiwa:
Ahsanteni sana. Mama mkwe ameridhia Tabitha na Roda.